Kuriseti Umeme wa Gari: Historia ya Kitendo na Haja ya Istilahi

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza kitendo ambacho siku hizi hufanywa na madereva wengi majumbani mwao bila ya kumwita fundi: kufungua waya wa betri ya gari, kungoja kitambo, kisha kuufunga tena ili mitambo ya umeme ya gari ianze kazi upya. Mafundi wa mijini wamekwisha kulipatia jambo hilo jina. Husema kwamba gari "limerisetiwa". Watafsiri wa vitabu vya maelekezo, kwa upande wao, huandika "kuweka upya", na wengine "kuanzisha upya" au "kurejesha". Msomaji hushindwa kujua kama maneno hayo manne yanataja jambo moja au mambo manne.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jambo hili ni la gereji wala si la jarida la istilahi. Sisi tunaona kinyume chake. Kitendo hiki kina hatari yake kwa mikono na macho ya mtu, kina gharama kwa mwenye gari, na kina nafasi ya udanganyifu katika biashara. Mahali penye mambo matatu ya namna hiyo, neno lisilo wazi huzaa hasara. Aidha, tutaonyesha kwamba utata wa neno hili haukuzuka katika Kiswahili. Umetokana na historia ya gari lenyewe, na kwa hiyo ni katika historia hiyo tunapopaswa kutafuta dawa yake.

Enzi ya hendeli na dinamo

Betri ya gari ni chombo cha zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya madini ya risasi na tindikali, ambayo ilikuwa ya kwanza kuweza kuchajiwa tena baada ya kwisha nguvu. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, aliiboresha hata ikafaa kutengenezwa viwandani kwa wingi. Lakini magari mengi ya mwanzo hayakuitegemea sana. Gari la Ford la Modeli T, lililotoka mwaka 1908, lilipata cheche za kuwashia mafuta kutoka katika sumaku zilizofungwa kwenye gurudumu la injini, na dereva aliliamsha kwa kuzungusha hendeli mbele ya gari. Hendeli hiyo ilikuwa na desturi ya kurudi nyuma ghafla na kumvunja mtu mkono.

Mabadiliko makubwa yalikuja na magari ya Cadillac ya mwaka 1912, yaliyokuwa na mota ya umeme ya kuamshia injini, kazi ya Mmarekani Charles Kettering na wenzake wa kampuni ya Delco. Tangu hapo betri ikawa kiungo cha lazima. Yenyewe huamsha injini. Injini ikishaamka huzungusha dinamo. Dinamo nayo huirudishia betri kile ilichotumia.

Katika Afrika ya Mashariki vitu hivyo viliingia pamoja na majina yake. Neno gari tulikuwa nalo tayari, tukiwa tumelipata kutoka Bara Hindi kabla ya ujio wa injini. Motokaa lilikuja na chombo chenyewe. Halafu yakafuata betri, waya, swichi, plagi, fyuzi na dinamo. Maneno haya hayakutungwa na kamati. Yalipokewa na madereva na mafundi, yakavishwa irabu za mwisho na kuingizwa katika ngeli. Umeme wenyewe ulipata jina la asili, kwani neno lililokuwa likitaja mmweko wa radi lilipanuliwa kutaja nguvu iendayo katika waya. Hali kadhalika Wakenya wengi waliita nguvu hiyo stima, jina lililotokana na mvuke na mashine zake.

Ni muhimu kukumbuka kwamba katika enzi hiyo hapakuwa na chochote cha kuriseti. Umeme wa gari ulikuwa waya, taa, honi na mota. Taa ikikataa kuwaka, ama balbu ilikuwa imeungua, ama fyuzi ilikuwa imekatika, ama waya ulikuwa umelegea. Vitenzi vilivyohitajika vilikuwa kubadilisha, kukaza na kuunganisha, na vyote tulikuwa navyo. Gari halikuwa na kumbukumbu, na kitu kisichokumbuka hakiwezi kusahaulishwa.

Funzo la waya wa bodi

Hata hivyo, enzi hiyo imetuachia funzo moja la istilahi ambalo lingali na thamani kubwa. Kila mwongozo wa leo humwambia mwenye gari aanze kufungua kichwa hasi cha betri, na wakati wa kufunga akimalizie hicho hicho. Maneno hasi na chanya yametulia katika vitabu vyetu vya hisabati na fizikia, na mtafsiri huyatumia bila wasiwasi. Lakini je, hasi ndiyo sababu ya kanuni hiyo?

Sivyo. Katika gari, upande mmoja wa betri hufungwa kwenye bodi, ili bodi yenyewe itumike kama njia ya kurudishia umeme, na nusu ya waya zipungue. Ukianza kulegeza upande ule mwingine, ambao haukufungwa kwenye bodi, na spana yako ikagusa chuma chochote cha gari, basi umeunganisha vichwa viwili vya betri kwa kipande cha chuma. Hiyo ndiyo shoti. Mkondo wa mamia ya ampea hupita katika spana, cheche huruka, na kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, huweza kulipuka na kumrushia mtu tindikali usoni. Ukianza na upande wa bodi, spana ikigusa bodi hapana kitu, kwa sababu inagusa kile ambacho tayari imeungana nacho. Ukishauondoa upande huo, njia ya umeme imekatika, nao upande wa pili unaweza kufunguliwa kwa usalama.

Sasa tutazame historia. Kuanzia miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1960, magari mengi ya Uingereza, zikiwamo Land Rover za awali zilizotoka mwaka 1948 na kuendelea, yalifungwa upande chanya kwenye bodi. Magari ya Ford ya Marekani ya volti 6 yalikuwa hivyo pia, hadi yalipohamia volti 12 na bodi hasi katika matoleo ya mwaka 1956. Fundi wa wakati huo mjini Nairobi au Dar es Salaam aliyeshughulikia Land Rover asubuhi na Volkswagen jioni alifanya kazi na magari mawili yenye kanuni zilizopingana, endapo kanuni ingetajwa kwa hasi na chanya. Kama angetafsiriwa "anza na hasi", angeokoka kwenye gari moja na kuhatarika kwenye jingine.

Kilichoyaunganisha magari ya dunia katika desturi moja kilikuwa pamoja na ujio wa alteneta, ambayo kampuni ya Chrysler iliianzisha katika gari la Valiant la mwaka 1960 na ambayo polepole ikachukua nafasi ya dinamo. Alteneta hutegemea diodi, na diodi hupitisha mkondo upande mmoja tu. Betri ikifungwa kinyume, huungua papo hapo. Watengenezaji wakakubaliana kufunga hasi kwenye bodi, na leo karibu magari yote ni hivyo.

Mafundi wetu huuita waya huo "ethi", na watafsiri wengine wameandika "waya wa ardhi". Neno ardhi linafaa kabisa katika umeme wa nyumba, ambako waya hufukiwa udongoni kweli kweli. Katika gari linapotosha, kwa sababu gari limesimama juu ya mipira na halina njia ya kufika ardhini. Mwanafunzi makini atauliza ardhi iko wapi, na mwalimu atabaki bila jibu. Sisi tunapendekeza waya wa bodi. Kwa jina hilo kanuni husemeka hivi: waya wa bodi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Sentensi hiyo ni kweli kwa Land Rover ya mwaka 1950 na kwa gari lililotoka kiwandani mwaka jana. Istilahi iliyotajwa kwa kazi ya kitu hudumu kuliko ile iliyotajwa kwa alama yake.

Gari lapata kumbukumbu

Kuanzia mwaka 1967 Volkswagen iliuza nchini Marekani magari ambayo petroli yake iligawiwa na mtambo wa elektroniki wa kampuni ya Bosch. Mtambo huo ulipima na kukadiria, lakini haukuhifadhi lolote. Ukiukatia umeme na kuurudishia, ulikuwa vile vile.

Mambo mawili yaliligeuza gari kuwa chombo chenye kumbukumbu. La kwanza lilikuwa sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970, iliyowalazimisha watengenezaji kupunguza sumu katika moshi. La pili lilikuwa kichakataji kidogo, kompyuta nzima ya hesabu katika kipande kimoja, ambacho kampuni ya Intel iliingiza sokoni mwaka 1971. Mwaka 1977 gari la Oldsmobile Toronado lilitumia kichakataji kupanga wakati wa cheche. Kufikia mwaka 1981 kampuni ya General Motors ilikuwa imeweka kompyuta ya injini katika magari yake ya abiria yaliyouzwa Marekani, pamoja na taa ya onyo kwenye dashibodi. Kompyuta ilipoona jambo lisilo la kawaida, iliwasha taa na kuhifadhi namba ya hitilafu. Fundi aliunganisha matundu mawili ya plagi, akahesabu mimweko ya taa, akaipata namba.

Hapa ndipo kuriseti kulipozaliwa. Kumbukumbu ya magari hayo ilikuwa ya namna inayohitaji umeme kila dakika. Ukitoa fyuzi yake au kufungua betri, ilifutika. Dereva alijifunza haraka kwamba taa ya kero huzimika kwa spana moja, na habari hiyo ikaenea kutoka gereji hadi uani.

Kisha mambo yakageuka tena. Jimbo la California lilidai magari yajipime yenyewe kuanzia matoleo ya mwaka 1988, na mwaka 1996 mfumo wa pili, wenye plagi ya pini 16 na misimbo ya aina moja kwa watengenezaji wote, ukawa lazima kwa magari mapya ya abiria Marekani nzima. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Msimbo P0300, kwa mfano, hutaja injini inayokosa kuwaka sawasawa, liwe gari la kampuni hii au ile. Katika magari ya siku hizi misimbo mingi huhifadhiwa katika kumbukumbu isiyotegemea betri. Zaidi ya hayo, kwa hatua kuanzia matoleo ya mwaka 2010, Marekani imetaka iwepo misimbo ya kudumu ambayo hata mashine ya fundi haiwezi kuifuta. Hufutwa na gari lenyewe baada ya kujipima na kuona limepona.

Kwa ufupi, kitendo cha mwaka 1981 na kitendo cha leo hufanywa kwa spana tu, lakini matokeo yake si yale yale. Jina limebaki moja, maana imehama.

Mambo manne chini ya jina moja

Tukichambua yale yanayotokea mtu anapofungua betri ya gari la kisasa nyumbani, tutaona mambo manne yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni kukata umeme na kuurudisha, ili kompyuta iliyokwama ianze tena kazi yake. Hili ndilo linaloponya redio iliyoganda au kioo cha umeme kisichoitika. Kiswahili kina kitenzi chake tayari: kuwasha upya.

La pili ni kufuta misimbo ya hitilafu. Hapa kinachoondoka ni habari za ugonjwa. Ugonjwa wenyewe unabaki. Kitenzi chake ni kufuta, na mtendwa lazima atajwe: kufuta misimbo. Kusema "gari limerisetiwa" mahali hapa ni sawa na kuchana cheti cha daktari na kutangaza kwamba mgonjwa amepona.

La tatu ni kurudisha mipangilio ya kiwandani. Saa hurudi sifuri na stesheni za redio husahaulika. Tunaweza kusema kurejesha mipangilio ya awali.

La nne husahauliwa na wengi. Kompyuta ya injini hujifunza polepole tabia ya gari lake, kama vile kiasi cha hewa kinachohitajika ili injini itulie gari likiwa limesimama, hali ambayo mafundi huiita silensa. Betri ikifunguliwa, katika magari mengi mafunzo hayo hupotea, na kwa muda gari hutetemeka au huzimika hadi lijifunze tena. Hili si kitendo cha mtu bali ni kazi ya gari, na jina lake ni kujifunza upya. Mwongozo usiolitaja humfanya mwenye gari adhani ameharibu kitu, akaenda gerejini kulipia kosa ambalo halipo.

Lugha ya Kiingereza imeyafunika mambo haya yote kwa kitenzi kimoja, ambacho hapo zamani kilitumika kwa kurudisha sifuri namba za kipimo cha mwendo au kuinua tena swichi iliyojikata. Hatuna wajibu wa kurithi utata huo. Utajiri wa vitenzi vyetu unaturuhusu kutenganisha palipochanganywa. Hatusemi kwamba kuriseti lifukuzwe midomoni mwa mafundi. Kumbukeni kwamba kompyuta iliwahi kupendekezewa majina ya ngamizi na tarakilishi. La pili lina watumiaji wake hasa Kenya, lakini neno la watu ndilo lililoenea zaidi. Kuriseti nalo huenda likadumu kama jina la jumla. Tunachodai ni kwamba katika maandishi ya maelekezo, ya mafunzo na ya malipo, jina la jumla lisitoshe.

Gharama ya neno lisilo wazi

Tuangalie mahali ambapo neno hili huwaumiza watu.

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania, Kenya na Uganda hutoka Japani, na kitabu kilichomo dashibodini mara nyingi ni cha Kijapani. Mwenye gari hutegemea maneno ya jirani au tafsiri ya haraka. Akiambiwa tu "fungua betri, uriseti", huenda redio ya Kijapani ikajifunga na kudai namba ya siri asiyokuwa nayo, au ramani iliyomo ikadai kadi yake ya awali. Tafsiri njema ingemtahadharisha kabla hajashika spana. Ingemwambia pia azime gari na kutoa ufunguo kwanza. Angoje dakika kadhaa kabla ya kugusa waya za mifuko ya hewa, kwa sababu mitambo yake huhifadhi umeme wa akiba. Na kwamba katika magari yanayotumia petroli na umeme pamoja, aina iliyoanza kuuzwa kwa wingi Japani mwaka 1997, waya za rangi ya chungwa huweza kuwa na volti zaidi ya 200 na si za kuguswa nyumbani kabisa.

Katika biashara, muuzaji asiye mwaminifu huzima taa ya onyo asubuhi na kuliuza gari mchana. Mnunuzi huambiwa kwamba gari "limerisetiwa, liko sawa". Kwa lugha yetu iliyotenganishwa angeuliza: mmewasha upya, au mmefuta misimbo? Na kama mmefuta, mlitengeneza nini kwanza? Mfumo wa mwaka 1996 una njia ya kumsaidia, kwani mashine huonyesha kama gari limekwisha kamilisha majaribio yake tangu lilipofutwa. Lakini ni lazima awe na maneno ya kuulizia.

Ofisini hali ni ile ile. Ofisa anayepokea hati ya madai yenye maneno "kuriseti mfumo wa umeme" hana namna ya kujua kama analipia matengenezo au kuzimwa kwa taa. Ikiwa taa hiyo ilikuwa ya breki, sahihi yake imempeleka dereva barabarani na hatari iliyofichwa.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, tunawaomba watafsiri, walimu wa vyuo vya ufundi na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo yafuatayo. Kwanza, waya wa bodi litumike badala ya waya wa ardhi panapohusika gari, na hasi na chanya yabaki kuwa alama za kutambulishia vichwa vya betri. Pili, kuwasha upya, kufuta misimbo, kurejesha mipangilio ya awali na kujifunza upya yatumike kila moja kwa maana yake. Tatu, kuweka upya, ambalo limezoeleka katika simu na kompyuta, liruhusiwe katika vichwa vya habari na majina ya sura, lakini hatua zenyewe zitajwe kwa vitenzi mahususi. Nne, hati za malipo zitaje kilichotengenezwa kabla ya kilichofutwa.

Mapendekezo haya hayahitaji neno hata moja jipya. Vitenzi vyote vilivyotajwa vinajulikana na mtoto wa shule. Mara nyingi tumezoea kudhani kwamba kazi ya istilahi ni kutunga. Katika suala hili kazi ni kugawa, yaani kulipa kila tendo neno lake na kulinda mipaka yake. Fundi ataendelea kusema anavyosema, na hapana ubaya. Lakini atakapoandika, na sisi tutakapomtafsiria, mwenye gari aliyeinama juu ya boneti akiwa na spana mkononi anastahili kujua ni waya upi aanze nao, na ni kitu gani atakuwa amekiponya atakapoufunga tena.